Umeme Hauendi Bila Kurudi

Kuna pikapu ambayo dereva akikanyaga breki, indiketa za nyuma ndizo zinazotoa mwanga hafifu badala ya taa nyekundu. Kuna nyingine ambayo wipa zake hupunguza mwendo kila taa kubwa zinapowashwa. Kuna inayolala na betri nzima na kuamka imekufa, lakini ikishashtuliwa kwa betri ya jirani inakwenda mpaka Songea bila neno. Na kuna ile inayotia watu hofu kweli: ufunguo umezimwa, umechomolewa, umetiwa mfukoni, na injini bado inanguruma.

Kati ya Makambako na Njombe, mwendo wa takribani kilomita 60, pikapu za namna hii si chache. Zinabeba viazi mviringo, mbao, mahindi, mbolea, na miaka ya karibuni parachichi. Zinabeba pia wagonjwa, maiti na wanafunzi wanaorudi shule. Nyingi zina umri mkubwa kuliko vijana wanaoziendesha. Mwenye gari akiulizwa lina nini, jibu la kwanza huwa "lina shoti." Likishapita kwa mafundi watatu na kurudi na ugonjwa uleule, jibu hubadilika: "lina mashetani."

Neno shoti limebebeshwa mzigo kuliko uwezo wake. Kwa fundi umeme wa magari, shoti ni umeme uliopata njia ya mkato: waya umechubuka, umegusa chuma, mkondo umepita bila kufanya kazi yoyote, na fyuzi imekatika au moshi umetoka. Mtaani, shoti ni kila kitu: waya uliokatika, betri iliyochoka, swichi iliyoliwa, taa inayowaka inapotaka. Umeme kupita kupita kiasi na umeme kutopita kabisa ni magonjwa mawili yanayopingana, na tumeyapa jina moja. Ndiyo maana dawa nayo huwa moja: badilisha betri, ikishindikana badilisha alteneta, ikishindikana uza gari kwa asiyejua.

Ninachotaka kuonyesha hapa ni kwamba mashetani hawa wana tarehe za kuzaliwa. Mwingine alizaliwa 1967, mwingine 1979, mwingine 1984, mwingine juzi. Nyaya za pikapu kuukuu zimebeba historia ya uchumi wa Tanzania, na tatizo lisiloeleweka mara nyingi ni ukurasa wa historia hiyo ambao hakuna aliyeuandika.

*

Tuanze na umeme wenyewe, maana bila hilo historia haitasomeka.

Nyumbani, umeme huja kwa waya mmoja na kurudi kwa mwingine. Kwenye gari, watengenezaji waliamua zamani kubana matumizi: waya mmoja hupeleka umeme kwenye taa, na kazi ya kuurudisha kwenye betri hupewa chuma cha gari lenyewe, yaani bodi, injini na chasisi. Mafundi huita njia hiyo ethi. Kwa hiyo nusu ya mfumo wa umeme wa gari haionekani kama umeme. Inaonekana kama bati, bolti na kutu.

Pikapu ina shida zaidi kuliko gari dogo kwa sababu si chuma kimoja. Kebini imekaa juu ya chasisi kwa mipira ya kuzuia mtikisiko, na mpira haupitishi umeme. Injini nayo imekaa juu ya mipira yake. Bodi la nyuma limefungwa kwa bolti chache zinazopigwa na matope kila siku. Vipande hivi vinaunganishwa kwa nyaya fupi za ethi, nyingine nyembamba kama kidole kidogo, ambazo hakuna anayeziangalia mpaka zikatike. Halafu mwenye gari anang'oa bodi la bati lililooza na kuchongesha la mbao, kwa sababu mbao Njombe ipo na bati ni ghali. Taa ya nyuma inapigiliwa kwenye ubao. Waya wa kwenda upo, wa kurudi haupo.

Hapo ndipo breki inapowasha indiketa. Umeme wa taa ya breki umefika kwenye balbu, umekuta njia ya kurudi imekatika, lakini ndani ya taa ileile kuna balbu ya indiketa inayotumia ethi hiyohiyo. Mkondo unapenya humo kinyumenyume, unafuata waya wa indiketa mpaka mbele ya gari, unapata ethi nzuri kwenye taa ya mbele, na kurudi nyumbani. Njiani unawasha kila unachopitia, kwa mwanga hafifu. Mkondo ule umefanya kazi yake ya kawaida, umerudi kwa njia pekee uliyoachiwa.

*

Gari lililowafundisha watu wa nyanda hizi kazi ya umeme wa magari lilikuwa Land Rover. Lilitoka kiwandani mara ya kwanza 1948. Mwaka uliofuata, 1949, shirika la maendeleo la kikoloni la Uingereza lilianzisha Tanganyika Wattle Company, ambayo makao yake yapo Kibena, jirani na mji wa Njombe, kwa ajili ya miti ya miwati. Mabwana shauri, mabwana shamba, misheni na mashamba makubwa walihitaji gari la kupita kwenye matope, na kwa miaka mingi gari hilo lilikuwa Land Rover, ama la kufunikwa kwa turubai ama la pikapu.

Umeme wake ulitoka kwa Lucas wa Birmingham, kampuni ambayo Waingereza wenyewe waliifanyia utani kwa kuiita Mfalme wa Giza. Lakini kilichowasumbua mafundi wa baadaye hakikuwa ubovu, kilikuwa mpangilio. Land Rover za zamani zilifungwa upande chanya wa betri kwenye chasisi. Mwaka 1967 utaratibu ukageuzwa, upande hasi ukawa ndio ethi, kama ilivyo kwenye magari yote ya leo. Kwa macho, gari la kabla na gari la baada ni lilelile. Fundi aliyezoea moja akalifungia betri jingine kwa mazoea, alikuwa amegeuza mto utiririke kupanda mlima.

Kwa balbu haina neno, balbu haijui chanya wala hasi. Kwa redio ya transista ni msiba. Na Series III ilipokuja 1971 ikiwa na alteneta badala ya dainamo, kosa hilo likawa ghali zaidi, kwa sababu ndani ya alteneta kuna dayodi, milango midogo inayoruhusu umeme upite upande mmoja tu. Ukigeuza betri, milango inaungua. Gari litaendelea kutembea siku hiyo na pengine kesho yake, likila akiba ya betri. Likizimika keshokutwa, betri ndiyo inayolaumiwa.

Dainamo nayo iliacha tabia zilizodumu kuliko yenyewe. Injini ikienda polepole, dainamo haichaji vya kutosha. Dereva aliyepanda mlima usiku kwa gia ya chini, taa zikiwaka, alikuwa anatumia kuliko anachoingiza. Kwa hiyo wazee walijifunza kuegesha gari kwenye mteremko ili asubuhi liwake kwa kuserereka. Ukiona pikapu ya Njombe imeegeshwa juu ya kilima huku kuna uwanja tambarare karibu, usidhani dereva anapenda mandhari.

*

Makambako isingekuwa mji wa gereji kama si siasa za kusini mwa Afrika. Tarehe 11 Novemba 1965, serikali ya walowezi ya Ian Smith ilijitangazia uhuru Rhodesia ya Kusini. Zambia, iliyokuwa ikipitisha mafuta huko, ikajikuta imefungiwa mlango. Mafuta yakaanza kwenda kwa malori kutoka Dar es Salaam kupitia Iringa na Mbeya, kwenye barabara ya vumbi na tope iliyoua watu wengi hata ikapewa jina la Mbio za Jehanamu. Barabara hiyo ikaja kuwekwa lami na kuitwa TANZAM. Kisha ikaja reli: Wachina, Watanzania na Wazambia waliijenga TAZARA kati ya 1970 na 1975, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, na sehemu iliyowatoa jasho kuliko zote ilikuwa ile ya mahandaki na madaraja kati ya Mlimba na Makambako.

Reli, barabara kuu na njia ya kwenda Njombe na Songea vikakutana mahali pamoja. Mji wa njia panda hauhitaji kutangaza gereji, kwa kuwa magari huharibikia hapo yenyewe. Malori ya masafa marefu yalishusha pale mizigo, madereva wagonjwa, na maarifa. Kijana aliyekuwa akishika tochi wakati fundi wa lori akitafuta tatizo, baada ya miaka miwili alikuwa na testa yake: balbu moja, waya wenye kibanio, na msumari ulionolewa.

Testa hiyo ya balbu, kwa njia, si ushamba. Waya uliooza ukabakiwa na uzi mmoja wa shaba utaonyesha volti 12 safi kwenye mita ya kisasa, kwa sababu mita haichoti umeme wa kutajika. Ukiubebesha balbu, uzi ule mmoja unashindwa na balbu inafifia mbele ya macho yako. Mita hupima kama umeme upo. Balbu hupima kama umeme unaweza kufanya kazi. Hayo ni maswali mawili tofauti, na fundi wa zamani alilijua la pili kabla hajalijua la kwanza.

*

Kisha ukaja ukame. Bei ya mafuta ilipanda 1973 na ikapanda tena 1979. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika 1977. Vita na Idi Amin vikaanza Oktoba 1978. Fedha za kigeni zikaisha, na magari na spea, vitu vilivyoagizwa chini ya mashirika ya umma, vikawa vya kibali, foleni na kujuana. Mwaka 1983 ulipokuja msako wa wahujumu uchumi chini ya Waziri Mkuu Edward Sokoine, hata mwenye duka aliyekuwa na akiba halali alilala kwa wasiwasi.

Kuna kinaya kimoja cha miaka hiyo ambacho watu wa Njombe waliishi nacho. Barabara ya lami ya Makambako hadi Songea ilijengwa katika kipindi hichohicho, kwa fedha za msaada wa Uingereza. Lami ikafika mahali ambapo fyuzi haikupatikana dukani.

Huu ndio umri wa dhahabu wa fundi wa Tanzania, na ndio umri wa mashetani wengi. Fyuzi ilikatika, ikawekwa karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara. Waya wa gari haukuwepo, ukatumika waya wa nyumbani. Waya wa nyumbani mara nyingi ni shaba moja nzito, umetengenezwa kukaa ukutani miaka hamsini bila kutikisika. Kwenye pikapu ya barabara ya Lupembe unakatika kwa ndani huku ganda lake likibaki zima. Swichi ya ufunguo iliungua, zikawekwa swichi mbili za kubonyeza chini ya dashibodi. Rangi za nyaya zilipoteza maana: waya uliotoka kiwandani ukiwa mweusi wa ethi uliungwa na mwekundu, mwekundu ukaungwa na wa kijani, na kila kiungo kikafungwa kwa tepu ambayo gundi yake iliyeyuka kwa joto la injini.

Mwanahistoria Joshua Grace, katika kitabu chake African Motors kilichochapishwa 2021, ameonyesha kwamba watu wa Tanzania hawakulipokea gari kama lilivyokuja. Walilitengeneza upya, wakalifanya kitu cha kwao, na elimu iliyozaliwa gereji ni elimu kamili, si mabaki ya elimu ya wengine. Anayeangalia nyaya za pikapu ya miaka ile hawezi kubisha. Mtu aliyefanya gari litembee bila fyuzi, bila rilei na bila swichi alikuwa ameuelewa umeme kuliko aliyebadilisha kifaa kipya kwa kipya.

Lakini elimu hiyo ilikaa kichwani. Fundi wa gereji bubu hakuchora alichofanya. Karatasi ya kuchorea ilikuwa nayo adimu, na mwenye kukumbuka alikuwepo palepale chini ya mwembe, gari likirudi atajua. Hakufikiria kwamba gari lingemzidi umri.

*

Bajeti ya 1984 ilifungua mlango: mwenye fedha zake za kigeni aliruhusiwa kuagiza bidhaa bila kuulizwa alizipata wapi. Mwaka uliofuata Ali Hassan Mwinyi akawa Rais, 1986 serikali ikakubaliana na Shirika la Fedha la Kimataifa, na kipindi kizima kikabaki kwenye kumbukumbu kwa neno moja, ruksa. Wafanyabiashara wa Kikinga na Kibena waliokuwa wakitafuta usafiri wa mizigo hawakuhitaji kuelezwa ruksa ina maana gani. Pikapu za Kijapani zikapanda milima.

Zilizofuata zilikuwa za mtumba, na hapo sheria za Japani zikaanza kuathiri gereji za Makambako. Kule gari hupitia ukaguzi wa lazima uitwao shaken, wa kwanza baada ya miaka mitatu na kisha kila miaka miwili. Kadiri gari linavyozeeka, ndivyo kulipitisha kunavyogharimu, na mwenye nalo huona afadhali aliuze. Kenya ikaja kuzuia magari yaliyozidi umri wa miaka 8. Tanzania ilichagua kuyatoza ushuru wa ziada badala ya kuyazuia, kwa hiyo makuukuu yaliendelea kuja kwa mwenye uwezo wa kulipia.

Yakaja na siri zao. Baadhi ya Land Cruiser za dizeli na malori madogo yaliyotengenezwa kwa ajili ya Wajapani wenyewe yalikuwa na mfumo wa volti 24, betri mbili zikifuatana, wakati mengi ya kuuzwa nje yalikuwa na volti 12. Mnunuzi akafika dukani, balbu zilizopo ni za volti 12, redio ni ya volti 12. Balbu ikawaka kama jua na kufa. Redio fundi akaipatia suluhisho la haraka: akaifunga kwenye betri moja kati ya zile mbili.

Suluhisho hilo linafanya kazi vizuri kwa miezi kadhaa. Betri yenye redio inaliwa kila siku, mwenzake haiguswi, na alteneta inazijaza zote kwa pamoja kana kwamba zina njaa sawa. Moja inakonda mpaka kufa, nyingine inachemka kwa kuvimbiwa. Mwenye gari ananunua betri mpya, inakufa. Ananunua nyingine, inakufa. Alteneta inapimwa, ni nzima. Fundi wa nne ndiye anayeuliza, "Redio imefungwa na nani?"

*

Njombe yenyewe nayo ina mchango wake. Mji uko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Asubuhi za Juni na Julai ni za baridi kali, na mabondeni sakitu hulala juu ya majani. Betri kwenye baridi inayokaribia nyuzi 0 hupoteza kama theluthi moja ya nguvu ya kupiga stata, wakati huohuo oili imekuwa nzito na stata inadai nguvu zaidi.

Injini ya dizeli haina cheche. Inawasha mafuta kwa joto la hewa iliyogandamizwa. Hewa ya baridi haifikii joto hilo kwa urahisi, ndiyo maana kuna plagi za kupasha moto, moja kwa kila silinda, zinazowaka sekunde chache kabla ya stata. Kwenye pikapu nyingi za zamani kifaa cha kuhesabu sekunde hizo kiliharibika, fundi akaweka kitufe cha kubonyeza kwa mkono. Asiyejua hesabu hubonyeza mpaka ncha za plagi zinaungua. Zikibaki mbili kati ya nne, gari linawaka kwa kutetemeka na moshi mweupe, au haliwaki kabisa. Kulipowaka jua saa nne, linawaka mara moja. Anayeishi Dar es Salaam hawezi kuuelewa ugonjwa unaopona kwa jua.

Ile injini isiyozimika nayo ina chanzo. Pampu nyingi za dizeli zina kifungio cha umeme kinachofungua mafuta ufunguo unapowashwa na kuyafunga unapozimwa. Waya wake ukikatika porini, gari limekufa. Fundi wa dharura hung'oa kipini cha ndani, mafuta yanabaki wazi daima, na gari linafika sokoni. Kuanzia siku hiyo ufunguo hauna mamlaka juu ya injini. Dereva hulizima kwa kuingiza gia na kuachia klachi. Akiliuza bila kusema, mnunuzi amenunua shetani.

Halafu kuna ukungu. Ukishuka asubuhi usione mita 20 mbele, mtu yeyote mwenye akili anafunga taa za ziada. Zinafungwa moja kwa moja kupitia swichi ndogo ya dashibodi, bila rilei, na mkondo wote mkubwa unapita kwenye kijiti kilichotengenezwa kwa mkondo mdogo. Swichi inapata moto, plastiki inayeyuka, waya unagusana na wa jirani. Taa zilizofungwa ili kuokoa maisha ndizo zinazozima gari zima katikati ya ukungu, na pikapu iliyosimama barabarani bila taa ya nyuma ni ukuta ambao lori linalofuata halitauona. Kwa ajili ya hilo, suala la nyaya haliwezi kuachwa liwe mzaha wa gereji.

*

Fundi mzuri hufanya kazi kama mtu anayesoma kitabu kuanzia ukurasa wa mwisho. Hamuulizi mwenye gari lina nini. Anauliza kilichofanyika mwisho ni nini: taa, redio, king'ora, bodi jipya, kuchomelea. Kilichoongezwa karibuni ndicho mshukiwa wa kwanza. Kisha anarudi nyuma, mwenye gari mmoja hadi mwingine, mpaka afike kwenye waya wa kiwandani.

Kisha anapima njia ya kurudi. Ncha moja ya mita kwenye kichwa hasi cha betri, nyingine kwenye chuma cha injini, mtu apige stata. Mita ikisoma zaidi ya nusu volti, ethi ya injini ni mbovu, na hakuna betri ya bei yoyote itakayotibu hilo. Kwa gari linaloamka limekufa, anafunga mita ya ampea kati ya betri na waya wake, kila kitu kikiwa kimezimwa. Nusu ampea inaonekana ndogo, lakini kwa saa 24 ni ampea-saa 12, na betri ya ampea-saa 70 iliyokaa siku tano imepoteza 60. Anachomoa fyuzi mojamoja. Ile ambayo ikichomolewa mita inashuka, ndiyo inayomjua mwizi.

Kazi hii inaweza kuchukua siku nzima, na mwishowe kilichobadilishwa ni kipande cha waya na bolti iliyopigwa msasa. Mwenye gari huona ameibiwa. Angelipishwa betri mpya angeridhika, maana betri inaonekana. Hapa ndipo ufundi unapoumia: soko linalipa kifaa, halilipi fikra, na fundi anayetaka kula hujifunza haraka kuuza kifaa.

Sasa kizazi kingine cha pikapu kimeingia. Hilux za dizeli za kuanzia katikati ya miaka ya 2000 zinaongozwa na kompyuta, na vihisi vyake vingi hufanya kazi kwa volti 5. Nusu volti inayopotea kwenye ethi iliyooza haikuwa kitu kwa balbu ya Land Rover. Kwa kihisi cha volti 5 ni asilimia 10 ya ukweli wote alionao. Kompyuta inaamini uongo huo na kupunguza nguvu ya injini mlimani. Kifaa cha kusoma makosa kinataja kihisi, kihisi kinabadilishwa, ugonjwa unabaki. Kifaa kimemtaja mlalamikaji, si mkosaji. Na ile testa ya balbu, ikichomekwa kwenye waya wa kompyuta, inaweza kuiunguza.

Vijana wanaohitimu vyuo vya VETA, mamlaka iliyoanzishwa kwa sheria ya 1994, wanaijua kompyuta. Wazee wa njia panda wanaijua ethi. Pikapu inayopanda kwenda Njombe leo inawahitaji wote wawili, na wanachokosa wote wawili ni maandishi ya kilichotokea katikati.

Kutoka Makambako kuna njia ya umeme ya kilovolti 220 inayokwenda Songea, kiasi cha kilomita 250, iliyojengwa kwa ushirikiano wa serikali na Sweden na kuwashwa 2018. Kila mnara una namba, na michoro inatunzwa. Nguzo ikianguka, anayetumwa kuitengeneza hahitaji kumjua aliyeisimamisha. Pikapu inayopita chini ya nyaya hizo imefanyiwa kazi na mafundi kumi, na hakuna hata mstari mmoja.

Dawa yake ni daftari la kurasa 32 ndani ya dashibodi, la bei ya soda. Fundi akimaliza, mwenye gari aandike kabla ya kulipa: tarehe, waya gani, rangi gani, umetoka wapi, unaishia wapi, kwa nini. Kwa mfano: "Juni 14. Waya mwekundu chini ya kiti cha dereva ni wa taa za ukungu. Fyuzi ya ampea 15 iko karibu na betri. Rilei imefungwa nyuma ya boksi la fyuzi. Ethi ya bodi la nyuma imefungwa upya kwenye chasisi, upande wa kushoto, bolti ya pili."